Lori lina bima Goma, mama wa viazi hana

UCHAMBUZI

Viazi vya Busasamana havina uraia. Huchimbwa kwenye udongo mweusi chini ya safu ya volkano za Virunga, hujazwa magunia, na vingi huteremka kwenda Gisenyi. Baadhi huishia sokoni humo, vingine huvuka Petite Barrière na kupikwa jioni hiyo hiyo Goma. Anayevipeleka, mara nyingi mwanamke mwenye mtaji mdogo na mzigo mkubwa, naye huvuka na kurudi.

Sekta ya Busasamana, mojawapo ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu, imepakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa pili ni Kibumba na barabara ya kuelekea Goma. Wakazi wake wanaujua mpaka kwa neema zake na kwa shida zake. Juni 2014 majeshi ya nchi mbili yalirushiana risasi kwenye kilima cha Kanyesheja, ndani ya sekta hiyo hiyo. Hata hivyo biashara iliendelea, kwa sababu tumbo halisubiri wanadiplomasia.

Lakini kuna kitu kimoja cha mfanyabiashara huyu ambacho hakivuki naye: bima yake ya afya. Akiugua Busasamana, ana kadi, kituo cha afya na njia ya rufaa hadi hospitali ya wilaya ya Gisenyi. Akiugua Goma saa sita mchana, gunia likiwa bado halijauzwa, yeye ni mgeni anayelipa taslimu. Mkongomani anayeuza vitenge Gisenyi naye hali yake ni hiyo hiyo: akianguka upande wa Rwanda, hana mfuko wa kumsaidia.

Kwa wanaoishi kwa biashara ya mpakani, suala hili linagusa mtaji moja kwa moja. Bili moja ya hospitali inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Ili kuelewa kwa nini bima inaishia mpakani, ni lazima kwanza kuelewa ilivyojengwa, nani anailipia, na nani anafanya kazi katika vituo inavyovitegemea.

Haba na haba ya Rwanda

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, Rwanda ilibaki na hospitali zilizoporwa na wahudumu wachache sana, kwani wengi waliuawa au walikimbia. Vituo viliporudi kutoza ada ya matibabu katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wananchi wengi walikaa nyumbani na magonjwa yao. Hawakuwa na cha kulipa.

Mwaka 1999 serikali ilianza majaribio ya mifuko ya jamii, maarufu kama mutuelle de santé, katika wilaya tatu za afya: Kabgayi, Byumba na Kabutare. Wazo lilikuwa rahisi na kila mwanachama wa kikundi cha kuweka akiba anaweza kulielewa: kila kaya inachanga kidogo kabla ya ugonjwa, na anayeugua anatibiwa kwa mchango wa wote. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 mfumo huo ulienezwa nchi nzima, na baadaye sheria ikaufanya kila mkazi awe na bima ya aina fulani. Mchango ulianza kwa faranga 1,000 kwa mtu kwa mwaka. Kwa maskini kabisa, fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria zilisaidia kulipia kadi zao.

Faranga 1,000 ilikuwa bei nafuu, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, haikutosha kugharamia matibabu yenyewe. Pili, haikuwa ya haki: mwenye ng'ombe kumi na mwenye jembe moja walilipa sawa. Ndiyo maana Julai 2011 mchango ulipangwa upya kwa kufuata makundi ya Ubudehe, yaani mpangilio wa kaya kwa hali zao za maisha. Walio chini kabisa walilipiwa na serikali faranga 2,000 kwa kila mtu. Waliofuata walilipa 3,000, na wenye uwezo 7,000. Katika kituo cha afya mgonjwa aliongeza faranga 200 kwa kila ziara, na hospitalini alilipa asilimia 10 ya bili.

Matokeo yalionekana. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu zinaonyesha kuwa mwaka 2005 ni asilimia 28 tu ya watoto waliozaliwa katika vituo vya afya. Kufikia utafiti wa 2019/20, walikuwa asilimia 93. Vifo vya uzazi, vilivyokuwa 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2000, vilishuka hadi 203. Bima peke yake haikuleta hayo yote. Chanjo, barabara, wahudumu wa vijijini na nidhamu ya serikali za mitaa vilichangia. Hata hivyo, mama mjamzito anayejua kwamba hatafukuzwa mlangoni kwa sababu ya fedha anafika mapema zaidi.

Pale mfuko unapovuja

Kisa cha mutuelle si cha mafanikio matupu, na wanaokitaja kama mfano wa Afrika husahau upande wa pili wa daftari.

Kwa miaka mingi mifuko ilidaiwa na hospitali. Wagonjwa walitibiwa, bili zikapelekwa, malipo yakachelewa. Hospitali isiyolipwa hainunui dawa, na hospitali isiyo na dawa humwandikia mwenye bima karatasi ya kwenda duka la dawa la binafsi. Huko kadi ya mutuelle kwa muda mrefu haikupokewa. Mgonjwa akawa amelipa mara mbili: mchango wa mwaka na dawa ya siku hiyo.

Julai 2015 usimamizi ulihamishwa kutoka Wizara ya Afya kwenda Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB. Hatua hiyo iliweka mfuko mmoja wa kitaifa badala ya mifuko ya wilaya iliyokuwa ikizidiana nguvu. Wilaya yenye wagonjwa wengi na wachangiaji wachache haikuachwa tena peke yake. Mwaka 2020 serikali ilikiri kuwa michango ya wananchi haitoshi, ikaongeza vyanzo vingine: kila mwajiriwa anakatwa asilimia 0.5 ya mshahara wake halisi kwa ajili ya mutuelle, na sehemu ya faini za barabarani inaingia humo pia.

Hili ni somo kubwa kwa nchi zote za kanda. Hakuna mfuko wa wakulima na wachuuzi unaojitosheleza kwa michango yao tu. Wachangiaji wenye kipato kidogo ndio wanaougua zaidi, na wenye kipato kikubwa wana mifuko yao. Rwanda kuna RAMA kwa watumishi wa umma na MMI kwa wanajeshi, ambako wanachama hupata huduma pana zaidi. Mwenye mutuelle wa Busasamana lazima aanzie kituo cha afya, apewe rufaa ya hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa au ya taifa. Akiruka ngazi, analipa mwenyewe. Asilimia 0.5 ya mshahara wa mwajiriwa ni daraja dogo kati ya mifuko hiyo ya walionacho na wasionacho, lakini ni daraja.

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna kero nyingine. Mchango huhesabiwa kwa kichwa, na kanuni iliyotumika kwa muda mrefu ilitaka kaya nzima ilipiwe ndipo mmoja wao atibiwe. Kaya ya watu sita kwa kiwango cha faranga 3,000 ni faranga 18,000. Ya watu wanane ni 24,000. Mwaka wa bima unaanza Julai 1. Kwa mwajiriwa mwenye mshahara si tatizo kubwa. Kwa mama ambaye mtaji wake wote uko kwenye magunia mawili ya viazi, kutoa kiasi hicho kwa mkupuo ni kupunguza mzigo wa wiki hiyo. Ndiyo maana vikundi vya akiba, vinavyoitwa ibimina, vimekuwa nguzo ya kweli ya bima hii. Wanachama hutenga fedha kidogo kidogo kila wiki, na Juni ikifika kadi zinalipwa.

Mikono ni michache

Fedha bila watu ni karatasi. Shirika la Afya Duniani limetaja kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 kuwa kinachohitajika ili nchi iweze kutoa huduma za msingi kwa wote. Rwanda ilipozindua mwaka 2023 mpango unaoitwa 4x4, ilikuwa na takriban mmoja tu kwa kila watu 1,000. Lengo la mpango huo ni kuongeza wahudumu mara nne ndani ya miaka minne.

Huo si mpango wa kwanza. Mwaka 2012 nchi hiyo ilianza programu kubwa ya rasilimali watu ambapo vyuo vikuu vya Marekani vilileta wahadhiri na madaktari bingwa kufundisha Warwanda, kwa fedha za serikali ya Marekani na Mfuko wa Dunia. Ilipangwa kudumu miaka saba. Fedha za nje zilipoanza kupungua kabla ya wakati, funzo lilikuwa wazi: mwalimu anayelipwa na mfadhili huondoka na mfadhili.

Katika sekta kama Busasamana, daktari si mtu wa kila siku. Kituo cha afya huendeshwa na wauguzi na wakunga. Chini yao wapo wahudumu wa afya ya jamii, abajyanama b'ubuzima, waliochaguliwa na majirani zao katika kila kijiji. Wanatibu malaria, nimonia na kuhara kwa watoto chini ya miaka mitano, wanafuatilia wajawazito, na wanampigia simu muuguzi pale hali inapowazidi. Nchini kote wako makumi ya maelfu. Hawana mshahara. Wanalipwa kwa matokeo kupitia vyama vya ushirika vyao.

Malipo kwa matokeo yamefanyiwa utafiti Rwanda. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet, iliyohusisha vituo 166, ilionyesha kuwa vituo vilivyolipwa kwa matokeo vilipata ongezeko la asilimia 23 la akina mama waliojifungulia hapo. Lakini utafiti huo huo haukuona ongezeko la wajawazito waliokamilisha ziara nne za kliniki, wala la watoto waliokamilisha chanjo. Maana yake ni kwamba fedha humsukuma mhudumu kufanya kilicho ndani ya uwezo wake. Ziara nne za mjamzito zinategemea pia umbali, kazi za shambani na soko. Mama anayeamka alfajiri kwenda Goma hawezi kuwa kliniki siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo usawa unapopimwa. Muuguzi wa Busasamana na muuguzi wa Kigali wana cheti kimoja, lakini si maisha yaleyale. Madaktari bingwa hukusanyika mji mkuu, kama wanavyokusanyika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mchango wa mkulima wa mpakani unaingia mfuko uleule na mchango wa mkazi wa jijini, ila anapouhitaji anasafiri mbali zaidi kuupata. Nauli na siku za soko alizopoteza hazimo kwenye bili.

Ng'ambo ya barrière

Mita chache kutoka kituo cha uhamiaji, mambo hubadilika. Katika sehemu kubwa ya Kongo, vituo vya afya huendeshwa kwa ada ya mgonjwa. Serikali ina wahudumu wengi kwenye orodha, lakini wengi hawapati mshahara wa kawaida. Wanaishi kwa marupurupu yanayochelewa na kwa sehemu ya ada hizo. Mhudumu asiyelipwa hana budi kumtoza mgonjwa. Ni jambo linalojulikana kwamba mgonjwa aliyepona huzuiwa wodini hadi ndugu zake walete fedha.

Ipo mifuko ya jamii Kongo pia, mingi ikiwa chini ya makanisa na vyama, na hospitali za Goma zinazosaidiwa na mashirika zimeokoa maisha ya maelfu. Septemba 2023 serikali ya Kinshasa ilizindua huduma za bure za kujifungua na za watoto wachanga, ikianzia jiji la Kinshasa. Lakini kutoka Kinshasa hadi Kivu ya Kaskazini ni mbali, na vita ni vya karibu.

Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 liliuteka mji wa Goma. Hospitali zilijaa majeruhi, ghala za dawa za mashirika ya misaada ziliporwa, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango. Wakazi wengi walianza kuvuka kwenda Gisenyi kutafuta huduma za fedha. Haikushangaza kwamba mgonjwa naye alitazama upande huo. Lakini huko asiye na bima ya Rwanda analipa gharama yote, si asilimia 10.

Katika miezi hiyo hiyo serikali ya Marekani ilisimamisha, kisha ikavunja, sehemu kubwa ya misaada yake ya afya iliyopitia shirika la USAID. Pengo hilo liliigusa kila nchi ya kanda, kuanzia dawa za Ukimwi hadi mishahara ya wahudumu. Serikali za Afrika zilikuwa zimeahidi mjini Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Miaka zaidi ya 20 baadaye, nyingi bado ziko mbali na ahadi hiyo. Misaada ilipokatika ndipo ilipoonekana nani alijenga nyumba yake kwenye mwamba na nani kwenye mchanga.

Kila nchi na mlango wake

Mfanyabiashara anayezunguka kanda hii hukutana na mifumo mitano au sita tofauti.

Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, na maskini wakamiminika. Lakini dawa zilipokwisha, wagonjwa walirudi kulipa mifukoni kwenye zahanati za binafsi. Muswada wa bima ya taifa ulipitishwa na Bunge Machi 2021 na haukuwa sheria.

Burundi, tangu Mei 2006, hutoa matibabu bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua, na baadaye ikaunganisha sera hiyo na malipo kwa matokeo. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kenya iliizika NHIF na kuanza Oktoba 1, 2024 mfuko mpya wa SHIF, ambapo mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hupimwa kipato cha kaya na kutakiwa kulipa kwa mwaka mzima, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Malalamiko ya mama mboga wa Nairobi kuhusu kulipa mwaka mzima kwa mkupuo ni yaleyale ya mama wa viazi wa Busasamana.

Mifumo yote hii ina kitu kimoja kinachofanana: inamtambua mtu kwa nchi yake, si kwa njia yake. Mtu ambaye maisha yake yako pande mbili anahesabiwa upande mmoja tu.

Ugonjwa hauombi jeton

Kabla ya janga la Covid-19, Petite Barrière ilikuwa moja ya vivuko vyenye shughuli nyingi zaidi barani Afrika. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku, wengi wao kwa jeton tu na kitambulisho. Virusi vilivuka nao bila karatasi yoyote.

Ebola iliyotangazwa Agosti 1, 2018 Kivu ya Kaskazini iliua watu 2,287 hadi ilipomalizika Juni 2020. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Goma Julai 14, 2019. Agosti 1 mwaka huo mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa, na watu wakakwama pande zote mbili. Machi 2020 ukafungwa tena kwa sababu ya Covid-19, safari hii kwa muda mrefu. Wafanyabiashara walilazimika kuunganisha mizigo yao kwa vikundi na kuituma kwa malori. Wengi waliokuwa wakibeba kichwani walipoteza mtaji na hawakuupata tena. Mwaka 2024 ikaja mpox, na wagonjwa wa kwanza Rwanda walithibitishwa Julai.

Katika hayo yote kuna jambo moja lililofanywa vizuri ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Desemba 2019 Rwanda ilianzisha kampeni iitwayo Umurinzi ya kuwachanja watu dhidi ya Ebola katika Rubavu na Rusizi, ikilenga watu 200,000. Kigezo kikuu kilikuwa hatari: anayevuka mara kwa mara ndiye aliyetangulizwa. Kwa mara moja, mfumo wa afya ulimtazama mfanyabiashara wa mpakani kama alivyo, mtu wa pande mbili.

Kama hilo liliwezekana kwa chanjo, kwa nini lisiwezekane kwa bima?

Kadi ya njano kwa mtu

Jibu la kawaida la wakubwa ni kwamba mifumo haifanani, sarafu hazifanani, na hakuna imani. Yote ni kweli. Lakini ukisimama Grande Barrière ukatazama malori yanayopita, utaona kila dereva akiwa na karatasi ya njano. Ni bima ya magari ya COMESA, inayotumika tangu mwaka 1987. Lori la Mombasa likimgonga mtu Goma, kampuni ya bima ya Kongo inashughulikia madai, kisha inalipwa na kampuni ya Kenya iliyotoa kadi. Hata matibabu ya dereva na abiria wa gari hilo yamo. Mifumo haifanani, sarafu hazifanani, na bado kazi inafanyika.

Hivyo lori lina bima ng'ambo ya mpaka. Mama anayetembea kando yake na gunia hana.

Msingi wa kisheria upo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya mafao ya hifadhi ya jamii anapofanya kazi nchi nyingine. Kongo ilijiunga rasmi mwaka 2022. Shida ni kwamba itifaki ilimfikiria mtu mwenye mkataba wa ajira. Mchuuzi hana mwajiri wa kumwandikia barua. Kwa bidhaa zake, Jumuiya ilibuni utaratibu rahisi: mzigo wa dola 2,000 au chini ya hapo, uliozalishwa ndani ya kanda, unapita kwa cheti cha asili kinachojazwa mpakani. Kwa mwili wake hakuna karatasi kama hiyo.

Hatua ya kwanza haihitaji kuunganisha mifuko yote. Inatosha makubaliano ya miji miwili: Gisenyi na Goma wakati amani itakaporuhusu, na wakati huo huo vivuko vilivyo tulivu zaidi kama Gatuna, Rusumo, Busia na Namanga. Huduma ziwe chache na za dharura: ajali, uzazi, homa kali ya mtoto. Kituo kimoja kilichotajwa kila upande. Bei iliyokubaliwa kabla. Mfuko wa nyumbani ulipe baada ya kupokea bili. Vyama vya wafanyabiashara, ambavyo tayari vina orodha za wanachama na vikundi vya akiba, ndivyo vithibitishe nani ni nani.

Kipingamizi cha haki kipo, nacho kisipuuzwe. Hospitali ya Gisenyi tayari ina wagonjwa wengi kuliko mikono, na mkazi wa Busasamana anaweza kuuliza kwa nini foleni yake irefushwe na mgeni. Jibu ni kwamba mgeni tayari yuko kwenye foleni, ila anafika amechelewa, ugonjwa ukiwa mkubwa na mfuko ukiwa mtupu. Mgonjwa anayelipiwa na mfuko wake huleta fedha. Asiye na mfuko huacha deni. Zaidi ya hapo, mwenye homa anayeogopa bili hujificha, na katika mji wa mpakani anayejificha na homa ni hatari kwa soko zima.

Kabla viongozi hawajakaa mezani, yako ambayo wafanyabiashara wanaweza kuyafanya wenyewe. Kikundi cha akiba kitenge fungu la bima kuanzia mwezi wa kwanza wa mwaka wa bima, si wiki ya mwisho ya Juni. Anayevuka abebe namba ya simu ya muuguzi au mhudumu wa kijiji chake. Na vyama vinapoalikwa kwenye mikutano ya Jumuiya kuzungumzia ushuru na vizuizi, viweke afya kwenye orodha ya vizuizi vya biashara, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka wa bima unaofuata utaanza Julai 1 kama kawaida, na mama wa Busasamana atatoa tena sehemu ya mtaji wake kulipia watoto. Asubuhi inayofuata atabeba gunia na kuelekea barrière. Viazi vyake vitakuwa na cheti. Lori litakalompita litakuwa na kadi ya njano. Yeye atavuka akimwomba Mungu asiugue kabla ya saa tisa.